Je, Kiongozi Ana Haki ya Kupenda?

Ndugu msomaji, naomba tuanze na swali ambalo limewahi kuwagombanisha washikaji kijiweni mpaka kahawa ikapoa vikombeni: hivi kiongozi aliyeko madarakani, asiye na mke wala mume, ana haki ya kupenda? Simzungumzii yule aliyeoa zamani, akaapishwa huku mama watoto akiwa ubavuni. Nazungumzia kuzimia hasa, mtu akiwa tayari ofisini, bendera inapepea kwenye gari, mafaili yamejaa mezani na wananchi wamekaa kwenye benchi nje wakisubiri kumwona mheshimiwa.

Swali hili tuliletewa na filamu. Inaitwa The American President, ilitoka mwaka 1995, mwongozaji ni Rob Reiner na mwandishi ni Aaron Sorkin. Ni ya zamani, najua, lakini huku kwetu Biharamulo filamu haizeeki. Inatembea ndani ya flashi mkono hadi mkono, na siku moja inajikuta kwenye banda la video katikati ya filamu mbili za ngumi. Vijana waliolipa kiingilio kutazama ngumi wakajikuta wanamtazama Rais akitongoza. Kwanza walizomea. Baadaye wakatulia. Mwisho wakabishana, na ubishi ule ukatoka nao bandani hadi mtaani.

Kwa wasioiona, kisa chenyewe ni hiki. Rais wa Marekani, anayeigizwa na Michael Douglas, amefiwa na mkewe na analea binti yao. Siku moja anakutana na Sydney, anayeigizwa na Annette Bening, mwanamke ambaye kazi yake ni kuwashawishi wabunge waunge mkono sheria ya mazingira. Rais anapenda. Anampigia simu mwenyewe kumwalika kwenye dhifa ya taifa. Yule dada anadhani ni rafiki yake anamfanyia mzaha, anamjibu ovyo na kukata simu. Rais anataka kutuma maua, inamshinda, maana kwa muda mrefu kila kitu amekuwa akifanyiwa. Banda zima lilicheka. Kumbe mkubwa naye anahangaika kama sisi!

Halafu kicheko kinapungua. Kuna ahadi baina yao: Sydney akipata kura 24 za wabunge, Rais atamalizia 10 zinazobaki. Sydney anazihangaikia usiku na mchana. Lakini mswada mwingine wa Rais, ule wa kupambana na uhalifu, unapungukiwa kura, naye anaamua kuutupa wa mazingira ili auokoe wake. Sydney anafukuzwa kazi. Hapo nyuma mpinzani wa Rais alishamchafua jina yule dada kwa picha ya maandamano ya miaka mingi iliyopita. Mwishoni Rais anajirudi, anaupeleka mswada bungeni, wapenzi wanapatana na mambo yanaisha kwa shangwe.

Kijiweni zikaibuka kambi mbili. Kambi ya kwanza ilisema kiongozi ni binadamu, ana damu na moyo, na moyo hausubiri kipindi cha miaka mitano kiishe. Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, sasa mnataka akohoe wapi? Kambi ya pili ikasema hapana, cheo ni dhamana. Aliyekabidhiwa watu asilete mambo ya moyo ofisini. Mshikaji mmoja akauliza, mbona mapadri wa Jimbo la Rulenge-Ngara wanaishi bila wake na kazi zinakwenda? Mwingine akamjibu kwamba padri aliapa hivyo mbele ya askofu, lakini mkuu wa wilaya kiapo chake hakikutaja habari za kulala peke yake. Watu wakavunjika mbavu, na ubishi ukaishia hapo bila mshindi.

Mimi nilirudi nyumbani nikiwa siko kambi yoyote. Naona wote walijibu swali ambalo silo.

Niseme kwanza kwa nini jambo hili linanihusu. Nimezaliwa Ngara, nimekulia Biharamulo, nimemaliza kidato cha nne, na siku hizi nachapa barua kwenye duka la steshenari lisilo mbali na ofisi za wilaya. Usiku naandika riwaya kwenye daftari la kaunta. Riwaya yangu inamhusu mkuu wa wilaya aliyefiwa na mkewe, akahamishwa kutoka Ngara kuja Biharamulo, na huku akampenda binti wa Nyakahura aliyekuja ofisini kulalamikia shamba la marehemu baba yake. Nilitaka iwe riwaya ya kuchekesha. Lakini sura ya tatu imenikwamisha, sura ambamo bwana yule anamtamkia binti. Nimeichana mara tano.

Upande wa bwana hauna taabu. Anatokwa jasho, anasahau hotuba zake zote, anasema maneno ya kitoto. Hayo nayaandika kwa raha kabisa. Taabu ni jibu la binti. Kila nikiandika kwamba amesema ndiyo, mimi mwenyewe niliyemuumba simwamini. Na kila nikiandika kwamba amesema hapana, naanza kumwogopea.

Kwa nini namwogopea? Kwa sababu mkuu wa wilaya si bwana fulani tu mwenye mshahara mzuri. Anateuliwa na Rais. Ni mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 ilimpa hata uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48. Sheria iliweka masharti yake, ndiyo, lakini binti wa Nyakahura hajasoma masharti. Anachojua ni kwamba aliyekaa mbele yake, anayemwambia "nimekuzimia", ndiye aliyeshika faili la shamba la baba yake, na akitoka mlangoni askari anampigia saluti. Sasa wewe msichana unayesoma ukurasa huu, jiweke pale kwenye kiti. Utamtosaje mtu wa namna hiyo?

Mtu ataniambia, sheria ipo. Ni kweli. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema wazi kwamba mwenye mamlaka akidai ngono kama sharti la kumpa mtu kazi, cheo, haki au upendeleo, ametenda kosa. Sheria nzuri. Lakini bwana wa riwaya yangu hadai kitu. Hajatoa sharti. Anapenda kweli, na angetaka amwoe kwa heshima zote. Ila binti anasikia sharti ambalo halijatamkwa. Anaporudi nyumbani na kumweleza mama yake, mama hatauliza "unampenda?" Mama atauliza, "na shamba je?"

Hapa ndipo nilipoona kwamba swali la kijiweni limepinda. Hakuna anayeweza kumnyima kiongozi haki ya kupenda. Moyo hauombi kibali kwa mtu. Swali la kweli ni hili: yule anayependwa na kiongozi, ana nafasi ya kukataa? Na akikataa, kesho yake atabaki na kila alichokuwa nacho jana?

Kazi yangu ya kuchapa barua imenifundisha kitu kimoja. Barua ya kuomba jambo kwa mkubwa ina desturi yake: anwani juu, "Yah:" na kichwa cha habari kwa herufi kubwa, "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", na mwisho kabisa, "Wako mtiifu". Wateja wengine wakimaliza barua hiyo wananiomba niwachapie na ya mchumba. Ile nayo ina desturi yake: salamu tele, hali ya hewa, na mwisho kabisa, "Wako wa moyoni". Neno ni lilelile, wako, lakini si wako mmoja. Yule wa kwanza ni wako kwa sababu hana jinsi. Shida yake iko mikononi mwako. Yule wa pili ni wako kwa sababu ametaka, na kesho asipotaka ataacha. Mkubwa akimpenda mwombaji wake, binti wa watu anatakiwa aandike barua moja yenye "wako" wote wawili. Sijui atie saini ipi. Na huyo mkubwa akishaipokea, atajuaje ni ipi aliyosainiwa?

Angalieni pia lugha yetu ya mtaani, maana lugha haisemi uongo. Tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992 na uchaguzi ule wa 1995, vijana tumeazima maneno ya siasa tukayapeleka kwenye mapenzi. Kijana akimsimamisha binti njiani tunasema anamwaga sera. Akipeleka rafiki zake wakamsifie, anapiga kampeni. Akikataliwa, kura hazikutosha. Tunacheka, lakini ndani ya utani huo kuna hekima. Katika mapenzi anayetongoza ni mgombea, na anayetongozwa ndiye mpiga kura. Mwenye enzi pale ni yule anayeombwa. Hata enzi za chama kimoja, kura ya Rais ilipokuwa na jina moja tu, karatasi ilikuwa na nafasi mbili, ya ndiyo na ya hapana. Ukiifuta ile ya hapana, ile ya ndiyo inakosa maana. Haiwi kura tena.

Basi kiongozi anayetaka kupenda ni lazima akubali kurudi kuwa mgombea. Na mgombea wa kweli ni yule anayeweza kushindwa.

Historia yetu wenyewe inatuonyesha kinachotokea nafasi ya hapana inapofutwa. Mwaka 1970, kule Unguja, wakati wa utawala wa Mzee Abeid Karume, mabinti wanne wenye asili ya Uajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali ya Mapinduzi. Jamaa zao waliojaribu kupinga walikamatwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri masikioni: kuvunja ubaguzi wa rangi, watu wa asili tofauti waoane. Nani anapenda ubaguzi? Lakini dawa ile ilinyweshwa mabinti wanne ambao hawakuulizwa. Mwaka uliofuata, 1971, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa, inayosema hakuna ndoa pasipo hiari ya wote wawili, na inayotaka wachumba watoe taarifa ya kusudio lao angalau siku 21 kabla ya harusi ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hata mimi na wewe tusio na cheo, mapenzi yetu yakitaka kuwa ndoa yanapitishwa mbele ya macho ya watu. Kwa nini ya mkubwa yawe siri?

Na kwa kweli nchi hii haikuwahi kuyachukulia mapenzi ya kiongozi kuwa ya kwake peke yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoweka masharti ya uongozi, kwamba kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, lilieleza pia kwamba kiongozi maana yake ni mtu pamoja na mke wake, au mwanamke pamoja na mume wake. Masharti yale yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Lakini Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 bado ilimtaka kiongozi atamke mali yake na ya mwenzi wake. Waliotunga hayo walijua kwamba kinachoingia chumbani kwa mkubwa kinaweza kutokea ofisini, na cha ofisini kinaweza kuingia chumbani. Waliogopa mkubwa asije akawaibia wananchi kwa mkono wa mkewe. Mimi naongeza hofu ya pili, ambayo hawakuiandika: mkubwa asije akampata huyo mke kwa mkono wa ofisi.

Sasa msije mkadhani nasema kiongozi akifiwa au akiachana na mwenzake akae upweke hadi astaafu. La hasha. Upo mfano wa Afrika ninaoupenda, na unamhusu mwanamke mmoja aliyependwa na marais wawili. Ni Graça Machel.

Samora Machel, kiongozi wa Frelimo, alimpoteza mkewe Josina tarehe 7 Aprili 1971, hapa kwetu Dar es Salaam, wakati vita ya ukombozi wa Msumbiji inaendelea. Graça alijiunga na Frelimo, akapitia Tanzania, akafanya kazi katika shule ya Frelimo ya Bagamoyo. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, Samora akawa Rais, Graça akawa waziri wa elimu na utamaduni, na mwaka huohuo wakaoana. Ni kiongozi aliyeoa akiwa madarakani, na mchumba ni waziri wake mwenyewe. Kwa kipimo changu, hapa pana maswali. Bosi na aliye chini yake. Mimi sikuwepo na simsemi vibaya marehemu. Moyo wa Graça anaujua Graça. Ninachokiona kutoka mbali ni kwamba alikuwa na kazi yake na jina lake. Samora alipokufa kwenye ajali ya ndege mwezi Oktoba 1986, Graça hakufutika. Aliendelea na uwaziri hadi 1989.

Halafu akaja Mandela. Huyu alitoka gerezani mwaka 1990, akatengana na Winnie mwaka 1992, akawa Rais mwaka 1994, akapewa talaka mwaka 1996. Ikulu kubwa, mzee peke yake. Akampenda Graça. Lakini tazameni tofauti. Graça hakuwa waziri wa Mandela. Hakuwa hata raia wa Afrika Kusini. Alikuwa na kwake Maputo, na alikuwa na kazi ya dunia nzima: Umoja wa Mataifa ulimpa jukumu la kuchunguza jinsi vita vinavyowaumiza watoto, na ripoti yake ilitoka mwaka 1996. Sisi wa Ngara, ambao wazazi wetu waliona mwaka 1994 watu wapatao 250,000 wakivuka daraja la Rusumo ndani ya takriban siku moja na kujazana Benaco, tunaelewa bila kuambiwa ni watoto wa namna gani walioandikwa mle. Mwanamke wa aina hiyo, Mandela angemfanya nini kama angesema hapana? Hakuna. Hana faili lake mezani. Hawezi kumfukuza kazi. Hawezi kumweka ndani saa 48. Mzee aliyeheshimiwa na dunia nzima alikuwa, mbele ya mama huyu, mgombea tu.

Na harusi haikuja mbio. Watu walisema, hata Askofu Mkuu Desmond Tutu aliwakosoa hadharani kwamba wanaishi kinyumba bila ndoa na ni mfano mbaya kwa vijana. Rais mzima anakaripiwa na askofu mambo ya uchumba wake, na anavumilia! Tarehe 18 Julai 1998, siku Mandela alipotimiza miaka 80, wakafunga ndoa. Graça alikuwa na miaka 52. Kila nikiwafikiria wale wawili sioni aibu yoyote kwa nchi ya Afrika Kusini. Naona ndiyo iliyosemwa na mtu aliyekuwa na uwezo kamili wa kusema hapana.

Najua pingamizi linalokuja, maana nimejiwekea mwenyewe. Utasema, kwa maneno yako basi, wakubwa wapendane na wakubwa wenzao. Graça ni Graça. Binti wa Nyakahura mwenye jembe na malalamiko ya shamba, yeye asipendwe na mkuu wa wilaya kwa sababu ni maskini? Huo si ubaguzi mwingine?

Ni pingamizi zito na lilinisumbua wiki nzima. Jibu langu ni hili. Si lazima binti awe mkubwa. Lazima mkubwa ajishushe kwanza, na ajishushe kwa vitendo. Faili la shamba liondoke mezani kwake. Alikabidhi kwa mwingine kabla hajatamka neno lolote la mapenzi, na huyo mwingine aamue bila kuangaliwa usoni. Asimwite binti ofisini, aende yeye. Asiende na gari lenye bendera. Ampe muda. Na shamba likiisha kuamuliwa, binti akawa hamdai wala hamhitaji, ndipo amwage sera zake. Akikubaliwa, vigelegele. Akikataliwa, asalimie, arudi kwake, na kesho yake binti akipita mbele ya ofisi ya wilaya apite kama anavyopita kila mtu. Mkuu wa wilaya anayeweza kupigwa kibuti na binti wa mkulima, na wilaya isitikisike, huyo ndiye naweza kumkabidhi wilaya.

Wengine watasema, lakini wasichana wenyewe ndio wanaowakimbilia vigogo. Wapo, sikatai. Mimi mwenyewe nimewaona wakibadili mwendo gari la serikali likisimama. Lakini hata hilo halimwondolei mkubwa mzigo. Anayemkimbilia kigogo mara nyingi anakikimbilia kiti, na anayejua kwamba ni kiti kinachopendwa ni yule aliyekikalia. Na kama kiongozi ni mwanamke, kipimo ni hichohicho. Tangu Machi 2021 nchi yetu inaongozwa na mwanamke, na wakuu wa wilaya wanawake tunao. Nina wasiwasi tu kwamba kijiweni kiongozi mwanaume akipenda tutacheka, na mwanamke akipenda tutamtukana. Hapo sisi ndio tutakaokuwa tumefuta nafasi ya hapana na ya ndiyo, zote mbili.

Nirudi kwenye filamu. Kosa la yule Rais wa kwenye filamu silioni katika kupenda. Naliona pale anapouweka mswada wa Sydney kwenye mizani ya kura zake na kumwacha apoteze kazi. Wote wawili waliingia katika penzi moja, lakini gharama ililipwa kwanza na wa chini. Yeye alipungukiwa umaarufu. Mwenzake alipungukiwa mkate. Filamu inarekebisha hilo mwishoni kwa hotuba nzuri. Huku kwetu hotuba nzuri hairudishi kibarua.

Hata hivyo naipenda filamu ile kwa jambo moja, na jambo hilo ndilo limenisaidia kurudi kwenye daftari langu. Inamfanya mkubwa achekwe. Kicheko kinamvua mtu bendera. Nikajiuliza, mkuu wa wilaya wangu atachekesha vipi? Huku kwetu hakuna cha kuagiza maua. Kuna mshenga. Sasa mshenga wa mkuu wa wilaya ni nani? Akimtuma katibu tawala wa wilaya, ni posa au ni agizo la serikali? Akimtuma mkuu wa polisi, wazee wa Nyakahura watakimbilia porini kabla hajafungua mdomo. Akienda mwenyewe na gari, kabla hajanywa maji kijiji kizima kitakuwa kimejaa uani na malalamiko ya barabara, kisima na zahanati, na mama wa binti atawekwa mwishoni mwa foleni. Niliandika haya yote nikicheka peke yangu usiku. Nilipoyasoma asubuhi nikaona kila kichekesho kina woga ndani yake. Wazee wanakimbia kwa sababu hawajui kama mgeni anaomba au anaamuru.

Kwa hiyo mkuu wa wilaya wangu ataegesha gari Lusahunga na kupanda basi. Atafika Nyakahura na vumbi mpaka kwenye nyusi, kama abiria mwingine yeyote. Faili la shamba limeshaamuliwa na mtu mwingine, na binti ameshapata haki yake, hamdai mtu. Atamwaga sera zake zote chini ya mgomba, vibaya vibaya, kama mgombea anayejua kura zake hazitoshi.

Binti atajibu nini, bado sijaandika. Kwa mara ya kwanza naona anaweza kujibu lolote kati ya mawili, na simwogopei. Nadhani sura ya tatu sasa inaweza kuandikika. Ndivyo nionavyo mimi. Wewe msomaji, ungekuwa ni wewe unayetumwa ushenga na mheshimiwa, ungekwenda?